Mzio wa korosho: mbona moto hauuondoi?

Mbanguaji_Newala:
Habari za jioni wadau. Mjukuu wangu wa miaka minne alipewa punje ya korosho iliyokaangwa ikaiva vizuri. Punde midomo ikavimba, vipele vikatoka shingoni, akatapika. Hospitali wakasema ni mzio wa protini ya korosho. Sasa shuleni tulifundishwa moto unaharibu protini, mfano ute wa yai kuganda. Nikiikaanga zaidi, au nikiichemsha kwanza, ataweza kula? Nyumba hii inaishi kwa korosho, nielezeni kwa kina.

Mwalimu_Bios_Mikindani:
Shikamoo bibi. Pole sana, na tafadhali usimkaangie tena.

Protini ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja ukapata umbo, na umbo hilo ndilo linaloamua itashikana na nini. Joto la jikoni kwa kawaida halikati mnyororo, linaukunjua. Protini kuu ya ute wa yai ina asidi amino 385 na daraja moja tu la salfa, yaani kiungo kinachofunga sehemu mbili za mnyororo, la kuishikilia. Joto likikaribia nyuzi 80 inakunjuka, minyororo inanasana, ute unageuka mweupe.

Korosho nayo ina protini iitwayo albumini 2S. Hii ni ndogo kuliko ile ya yai, lakini imekazwa kwa madaraja manne ya salfa, kama kikapu kilichoshonewa waya. Kikaango kinaitikisa tu. Hata tindikali na vimeng'enya vya tumboni vinahangaika nayo, kwa hiyo inafika kwenye utumbo ikiwa bado na umbo lake. Kingamwili za mtoto zinalitambua, seli zinamwaga histamini, kemikali inayoleta uvimbe na vipele, mwili unavimba. Na hata protini ikikunjuka, kuna kingamwili zinazotambua vipande vya mnyororo wenyewe.

Kwa mkorosho hiyo ni akiba ya nitrojeni na salfa ya kulisha mche. Mbegu ikiota, vimeng'enya vyake yenyewe ndivyo vinavyoikata. Mimi hapa huwa nashangaa kila nikifundisha: ukazo uleule unaoilinda akiba ndio unaomtesa mtoto.

Kijana_Tandahimba:
Mwalimu, yale mafuta ya ganda yanayotuchubua vidole tukibangua, ndiyo protini hiyohiyo?

Mwalimu_Bios_Mikindani:
Hapana ndugu yangu. Yale yana asidi anakadiki na jamaa zake, si protini. Ganda likichomwa mengi yanatoka, ndiyo maana watu wanaamini moto unamaliza sumu yote ya korosho. Punje ni habari nyingine.

Nesi_Lindi:
Shikamoo mama. Hata yai si salama kwa kila mtoto likiiva: lina protini nyingine, ovomukoidi, yenye madaraja tisa ya salfa, nayo inastahimili moto. Msijaribu nyumbani kuona kama mzio umeisha, kipimo hicho kinafanyiwa hospitali. Hata pistachio, njugu jamaa ya korosho, asipewe, protini zake zinafanana mno na za korosho. Akikohoa, akibanwa kifua au akilegea, mkimbizeni hospitali palepale, dawa ni sindano ya adrenalini.

Mbanguaji_Newala:
Marahaba wanangu. Basi kikaango cha korosho hakipiki tena chakula chake, na kubangua tunahamishia banda la nyuma. Kesho nampeleka chekechea mwenyewe nikaongee na walimu wake, maana wenzake wanakuja na korosho mfukoni.