Waliowahi kuagiza laptop, simu na TV nje hadi Tanga: tupeane uzoefu, mwisho wa hesabu inalipa?

Mwana wa Usagara

Wakuu salaam. Shemeji yangu anasoma Guangzhou, China, na kila mara ananirushia picha za bei mpaka usingizi unakata. Laptop, TV inchi 55, simu, sabufa. Nikibadilisha kwenda shilingi na kulinganisha na maduka yetu ya mjini, mate yananidondoka. Lakini stori za mtaani hazifanani, mmoja kacheka, mwingine kalia. Naomba wenye uzoefu wao wenyewe, si wa kuambiwa. Ulinunua nini, kilipitia wapi, na mpaka kinafika sebuleni kwako kilikuwa kimekula kiasi gani? Wa Pangani, Muheza na Korogwe karibuni.

Bwana Chumbageni

Laptop inalipa. Yangu niliichukua Deira, Dubai, wakati narudi kutoka kazini. Ila tuache ule usemi wa "laptop haina kodi". Ushuru wa forodha ndio sifuri kwa viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini VAT ya asilimia 18 iko pale pale. Na haipigwi kwenye bei ya duka peke yake, inapigwa kwenye bei ukijumlisha usafiri na bima. Mzigo ukithaminiwa dola 450, VAT ni dola 81, bado ada ya forodha na tozo ya reli. Weka hiyo kwanza, ndiyo ulinganishe na duka la hapa. Mimi baada ya yote bado nilibaki na nafuu ya maana, tena mashine mpya.

Dubai ina raha nyingine: plagi yao ni hii hii yetu ya pini tatu bapa, na umeme wao hauna ugomvi na wa kwetu. Halafu kama wewe ni mgeni na umenunua kuanzia dirham 250 kwenye duka lililo kwenye mpango wa watalii, mwambie muuzaji akuandikishe urudishiwe VAT yao ya asilimia 5. Hawakurudishii yote, unapata asilimia 85 yake wakitoa na ada kidogo. Hakikisha uwanjani unapita kwenye dawati lao kabla hujakabidhi begi, wanaweza kutaka kukiona kitu chenyewe.

Kibodi ilikuja na herufi za Kiarabu pembeni. Mzee wangu aliisifia hiyo kuliko mengine yote.

Fundi Ngamiani

Nyie mnaleta, mimi nakutana navyo mezani. Wa China na Dubai sina neno nao kwa upande wa umeme. Tatizo ni vya Marekani na Japani. Marekani umeme wao volti 120, Japani 100, sisi 230. Chaja ya simu na ya laptop nyingi zimeandikwa 100-240V, chomeka ulale. Lakini blenda, sabufa kubwa, jiko la wali la Japani, chomeka uone moshi, kisha uniletee. Kile kiplagi cha kubadilishia pini hakishushi volti hata moja. Unahitaji transfoma, na transfoma ya kubeba kitu cha kupasha moto ni nzito na ina bei, akiba yako yote inaishia hapo.

Kabla mtu hajalipa mwambie apige picha ile karatasi ndogo ya nyuma ya kifaa, sehemu iliyoandikwa INPUT. Picha moja tu.

Bi Sahare

Mwana wa Usagara, TV nakupa yangu yote. Inchi 55, imetoka huko huko Guangzhou. Kwanza niliulizia ndege. Boksi lilikuwa sentimita 136 kwa 85 kwa 16. Watu wa ndege wanazidisha hizo wanagawa kwa 6,000, inatoka karibu kilo 31, wakati mzani unasema 19. Wanachaji ile kubwa. Nilipoona jumla nikafunga simu.

Nikageukia meli, kontena la kuchangia. Kule hesabu ni ya CBM, yaani mita za ujazo, na boksi langu halikufika hata 0.2. Bei nzuri. Lakini wakala mwenyewe akasema TV bila fremu ya mbao hapokei lawama, fremu ikaongeza unene, CBM ikapanda. Uzuri bei yao ilikuwa na ushuru humo humo, ubaya ni kwamba karatasi ya kodi yenye jina lako hupati. Kontena likafunguliwa Dar, maana gati letu la Tanga hata baada ya kuchimbwa hadi mita 13, hawa wa kuchangia wengi bado wanashushia kule.

Sasa Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 350. Kondakta anataka kuilaza kwenye buti chini ya magunia ya mtu. Nikamwambia kaka, hii ikilala tu, wewe na mimi tunalala kituo cha polisi. Ikasafiri wima nyuma ya siti ya dereva, imelipiwa nauli ya mtu mzima, na pale Segera abiria walioshuka kula walikuwa wanaipita kwa adabu.

Imefika nzima. Nilichookoa? Pesa ya meza ya kuiwekea. Na waranti hakuna.

Fundi Ngamiani

Bi Sahare kasema kweli. Kioo cha TV kikipasuka, bei ya kioo kipya ni kama bei ya TV, hilo sitengenezi mimi wala fundi mwingine. Niongeze jingine: TV iliyotengenezwa kwa soko la China haishiki chaneli zetu kwa antena, mfumo wetu wa matangazo ni DVB-T2, wao wana wao, Japani wao, Marekani wao. Ukiwa na king'amuzi na waya wa HDMI hutajua tofauti. Ila menyu ije kwa Kichina, tafuta mjukuu wa kukusomea.

Kijana wa Makorora

Simu nazo zina utaifa jamani. iPhone za Marekani kuanzia 14 hazina pa kuchomeka laini, ni eSIM tu, laini iliyo ndani ya simu yenyewe. Za China bara nyingi zinachukua laini mbili za kawaida, hizo ndizo zinagombewa. Za Dubai nyingi zilikuja bila FaceTime, ile ya kupigiana video. Na za Japani nyingi zilikuja na mlio wa kamera usiozimika. Dada yangu anayo, msibani alitaka kumpigia picha kimya kimya shangazi aliyekuja kutoka Pemba, ikalia "kachaa", ukumbi mzima ukageuka.

Android ya soko la China inakuja bila Play Store. Wapo mafundi wa kuiweka, lakini programu ya benki ikikataa kufunguka usimlaumu fundi.

Na mwambie shemeji abonyeze *#06# akutumie IMEI, namba ya utambulisho wa simu, kabla ya kulipa. Utume kwa ujumbe 15090 uone jibu linasema simu gani. Waliozimiwa Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipofunga simu feki wanajua ninachosema.

Mgeni wa Mwambani

Mnajisumbua bure na meli kubwa. Unguja iko hapo, majahazi yapo, na pwani ya kushushia usiku haijawahi kukosekana.

Bwana Chumbageni

Mgeni, bandari bubu tuachie wenyewe. Zanzibar VAT ni 15, Bara ni 18, tofauti hiyo ndogo unataka kuifuata kwa kukamatwa na mzigo? Doria wakikukuta unapoteza TV, na mwenye chombo anapoteza chombo. Tena laptop ikipigwa na mawimbi usiku, nani utamdai?

Mama Wawili, Muheza

Mimi niliumizwa na wakala. Mzigo ulipokelewa ghala la kule vizuri, picha nikatumiwa, kisha ikawa "wiki ijayo". Boksi lilikuwa halina alama, jina langu liko kwenye kikaratasi cha gundi kilichobanduka. Lilipatikana kwa rangi ya utepe niliouona kwenye picha. Jina na namba ya simu viandikwe kwa kalamu nene pande zote za boksi, na upige picha kabla halijaingia ghalani.

Mwana wa Usagara

Nimewapata. Laptop shemeji atakuja nayo mwenyewe mkononi, simu namsubiri anitumie IMEI. TV nitanunua hapa hapa mjini, nimpe muuzaji nafasi ya kunijua nikirudi na tatizo. Swali la mwisho: anataka kuniletea pawabenki kubwa, ya 20,000 mAh. Aichanganye kwenye begi la nguo?

Fundi Ngamiani

Asithubutu, begi la kwenda chini ya ndege pawabenki hairuhusiwi. Aibebe mkononi. 20,000 mAh kwa volti 3.7 ni Wh 74, kipimo cha nishati ya betri, na kikomo bila kuomba ruhusa ni 100, anapita. Ahakikishe tu maandishi ya ubavuni yanasomeka, yakifutika wanaichukua.