Mjadala: Pesa za milipuko ya magonjwa ziende kwanza maabara au kwa mhudumu wa kijijini?

Mleta mada: Wakuu, kila mlipuko ukiisha pesa hukimbilia majengo: kituo cha dharura chenye skrini ukuta mzima, mashine za kusoma vinasaba. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, yule anayejua nyumba ipi imezika watu wawili wiki hii, anabaki na fulana na ahadi ya posho. Mimi nasema alipwe mshahara kwanza, mashine zifuate. Lengo linalosemwa siku hizi ni 7-1-7: siku 7 kugundua mlipuko, siku 1 kutoa taarifa, siku 7 kukamilisha hatua za mwanzo. Zile 7 za kwanza ni zake.

Mchangiaji 1: Napinga, mkuu. Guinea, Desemba 2013, watu walianza kufa na wenzao wakaona. Macho yalikuwepo, kipimo hakikuwepo. Ebola ilithibitishwa Machi 2014, tena kwa sampuli zilizopelekwa Ulaya. Hadi inakwisha, Afrika Magharibi ilikuwa imezika zaidi ya watu 11,000. Mhudumu wako angeandika "homa na kutapika", ikasomwa malaria. Halafu?

Mchangiaji 2: Lagos, Nigeria, Julai 2014, msafiri kutoka Liberia naye alianza kutibiwa malaria. Daktari Ameyo Adadevoh akashuku, akakataa kumruhusu atoke hospitalini licha ya kushinikizwa. Kipimo kikafanyika humo humo nchini. Kisha watu wa kampeni ya polio wakahamishiwa Ebola, wakafuatilia karibu watu 900 mlango kwa mlango. Wagonjwa wakaishia 20, vifo 8, Adadevoh akiwa mmojawapo. Na hao wa polio walikuwa na kituo cha dharura, kile kile mleta mada anachokibeza. Tofauti ni kwamba hakikujengwa kusubiri janga. Kilikuwa na kazi kila siku.

Mchangiaji 3: Mbona hamuulizi nani atathubutu kusema? Novemba 2021 Afrika Kusini iliitangaza Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona, mapema, na ndani ya siku chache nchi kadhaa zikazuia safari za ndege kutoka huko. Shukrani ya punda hiyo. Huku chini ni vilevile: mfugaji anaripoti kuku wanakufa, banda zima linateketezwa, fidia hakuna. Mwakani atawauza usiku.

Mleta mada: Ya Guinea nakubali, nilizidisha. Ila Uganda 2022 ilipata Ebola aina ya Sudan, isiyokuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Ilitangazwa Septemba 20, ikatangazwa kwisha Januari 11, 2023. Wilaya za Mubende na Kassanda zilifungwa, na hilo lina mjadala wake. Lakini kazi yenyewe ilikuwa kutafuta kila aliyemgusa mgonjwa na kumwangalia siku 21. Maabara iliupa ugonjwa jina; kuuzima kulitaka watu wa kutembea nyumba hadi nyumba. Fidia naiongeza, iwe ya pili baada ya mshahara.

Mchangiaji 3: Ya pili? Mwenye banda aliyewahi kuteketezewa kuku bure hatamfungulia mlango huyo mhudumu wako, hata umlipe mshahara wa daktari.