Mjadala: Wageni wa Pemba walale Chake na Wete, au wapelekwe moja kwa moja ufukweni?

Mwanamada

Assalaam aleikum. Nataka tulijadili jambo hili bila ya kutukanana. Mgeni anayeshuka bandari ya Mkoani, kama ameshalipia hoteli ya kaskazini, hupakiwa garini papo hapo. Gari hupanda mlima, hupita Chake Chake, hupita Konde, hukata Msitu wa Ngezi vioo vimefungwa, mpaka ufukweni. Siku ya kuondoka hurudishwa njia ile ile. Kisiwa kizima amekipita kama kifurushi.

Na Pemba si pwani peke yake. Upande wa magharibi, tangu Mkoani hadi Wete, ni vilima na mabonde: juu mikarafuu na minazi, chini mpunga, na hori za mikoko zinazoingia ndani mpaka chini ya miji. Chake, Wete na Mkoani zote zimekaa mgongoni mwa vilima hivyo.

Hoja yangu: mgeni alale mjini angalau usiku mbili, atembee milimani, kisha ndio aende pwani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 543,441 Pemba. Hoteli za ufukweni zitaajiri wangapi kati yao? Kitanda cha mjini kinamgusa muuza samaki, mkaanga chapati, dereva na fundi cherehani kwa siku moja. Anayepinga, karibu.

Mtembezaji, Chake

Naunga mkono, ila wengi wanaopanga safari hizi hawajui saa zinavyokwenda, wakimaliza wanasema Pemba haina kitu.

Chake yenyewe ni asubuhi moja. Aanze sokoni mapema, maana samaki na mboga ni za asubuhi. Kisha Ngome Kongwe, ambayo sasa ni makumbusho, halafu mtaa wa maduka ya zamani, halafu kushuka kutazama hori. Mchana achague njia moja tu. Akitaka kaskazini, apande gari ya abiria namba 606 ya Wete na ashuke njia ya Kidike kuwaona popo wa Pemba, wale wakubwa ambao mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa karibu kutoweka. Akitaka magofu, aende Pujini kwa Mkama Ndume, ngome ya karne ya 15, lakini kwa gari ya kukodi au baiskeli. Ras Mkumbuu ni habari nyengine. Ile ni rasi ndefu nyembamba, na kwenda kwa boti kutoka Wesha ni rahisi kuliko gari. Kosa la kila siku ni kuzibana zote tatu baina ya chai na adhuhuri. Mgeni anafika kila mahali amechoka, anapiga picha ya ukuta, anaondoka.

Gari za abiria ni 603 kwenda Mkoani, 606 Wete, 602 Konde. Huondoka zikijaa, hazina saa. Asubuhi hazikosekani. Baada ya alasiri hupungua, na aliyekutwa na magharibi kijijini atalipa gari ya kukodi kwa bei atakayotajiwa. Kwa hiyo saa kumi awe barabarani anasubiri kurudi. Pesa achukue Chake. Huko mbele kadi ya benki haimnunulii hata dafu.

Na miguu. Udongo wa vilima ni mwekundu, ukilowa unateleza kuliko sabuni. Njia zetu za mashamba zimechongwa na watu wenye mizigo kichwani wanaotaka kufika, kwa hiyo hukata kilima moja kwa moja kwenda juu, hazizunguki. Ndala hapana. Masika, Machi hadi Mei, kutembea milimani ni kwa anayekubali kuanguka.

Kijana wa Konde

Mwaya, mgeni haji kutoka Ulaya kutazama watu wakinunua nyanya. Anataka bahari. Ufukwe wa Vumawimbi wanaujua, Chake hawaijui. Vijana wa kaskazini wanapata mshahara wa mwezi hotelini, nanyi mnataka mgeni abakishwe mjini anywe chai ya shilingi ngapi? Mwacheni aende anakotaka.

Mwanamada

Sijasema abakishwe kwa nguvu. Nimesema mjini pawe na kitanda safi na mtu wa kumtembeza, ili akiuliza apate. Hivi sasa hata anayetaka hushindwa.

Mkulima wa Mtambwe

Mnasema milima kana kwamba haina wenyewe. Milima hiyo ni mashamba, na wakati mnaoupenda ninyi, mvua ya masika imekwisha na kijani kimejaa, ndio msimu wetu wa karafuu unaanza. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo mzigo wa karafuu uko huku. Basi tusikilizwe na sisi.

Karafuu huchumwa tumba limeanza kugeuka rangi, kabla ua halijafunguka. Likifunguka, daraja limeshuka. Kwa hiyo mti ukiwa tayari hausubiri. Mchumaji hulipwa kwa pishi, yaani kwa kipimo alichochuma. Ukimsimamisha akueleze jina la mti kwa Kiswahili na akupigie tabasamu, umemkata ujira wake, na wewe hujamlipa kitu. Tawi la mkarafuu nalo ni jepesi kukatika. Huvunjika ghafla, bila kulia kwanza. Wachumaji waliozaliwa nayo wanaanguka, sembuse mgeni anayetaka kupanda "kidogo tu" kwa ajili ya picha. Hata kusimama chini ya mti unaochumwa ni hatari, vijiti na makamba yanashuka.

Jioni karafuu huchambuliwa, kutenga na makonyo, yaani vijiti vyake. Zikilala mbichi kwenye lundo zinapata moto, zinapauka. Asubuhi huanikwa kwenye majamvi, siku tatu hadi tano za jua zuri, zikigeuzwa. Kilo tatu mbichi zinatoa kama kilo moja kavu. Sasa hapa ndipo wageni wanapoharibu: jamvi liko pembeni mwa njia, mgeni anakanyaga na viatu vya matope, au anakaa juu yake. Karafuu hunasa harufu na uchafu, na mchanga kwenye gunia unaonekana kwenye kituo cha kununulia karafuu wakati wa kupimwa. Daraja la kwanza linakuwa la pili. Nani atalipa tofauti hiyo?

La mwisho na kubwa zaidi. Mgeni anatoa noti anataka nusu kilo ya zawadi. Anadhani anatusaidia. Biashara ya karafuu ni ya ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, na tangu sheria ya 2014 kuziuza na kuzisafirisha nje ya utaratibu wake ni kosa. Mgeni ataingia kwenye boti, mkulima atabaki na kesi. Watembezaji wanalijua hili na hawasemi.

Mtembezaji, Chake

Hapo umepiga penyewe, ami. Wanaofanya kazi hii vizuri huwapeleka wageni kiwanda cha makonyo, Wawi. Pale wanaona mafuta yakikamuliwa, na wananunua chupa ya mafuta ya karafuu au mchaichai kihalali. Jambo hilo lisemwe garini kabla ya kushuka. Ukilisema shambani mbele ya noti, umeshachelewa.

Bi Jikoni, Wete

Nyote mnazungumzia miguu na macho, hakuna aliyetaja tumbo wala choo.

Tumbo kwanza. Mkahawa wa kawaida Wete hupika kwa wateja wake. Saa nane wali umekwisha. Ukiniletea watu kumi saa nane na nusu bila kunambia, nitawapa chai na maandazi, nawe utaandika huduma mbovu. Nipe habari jana yake kabla ya magharibi. Watu kumi ni mchele kilo moja na nusu, nazi nne, samaki kilo tatu akiwa na miba. Pweza anataka muda wa kulainika, na anategemea maji. Siku za maji mafu, bahari isipopwa sana, wachokoaji hawapati wa maana, kwa hiyo usimuahidi mgeni pweza kabla hujaniuliza. Asiyekula samaki aseme mapema, maharage ya nazi hayaivi kwa nusu saa.

Ramadhani mchana mabanda yamefungwa, na mgeni asitembee mtaani akitafuna. Anayekuja mwezi huo apange chakula cha mchana ndani ya nyumba anayolala, na usiku atakula kuliko mwezi mwengine wowote.

Choo sasa. Kati ya Chake na Wete mwanamke mgeni akibanwa anakwenda wapi? Msikitini hapana. Nyumba za watu zinakarimu, lakini huwezi kushusha basi zima mlangoni kwa mtu kila siku. Kabla ya kupaka rangi maduka na kubandika mabango, jengeni vyoo viwili: kimoja soko la Wete, kimoja kule wanakoshukia njia ya Kidike. Viwe na maji, na mtu anayelipwa kuvisafisha. Mgeni atalipia bila kunung'unika.

Baharia

Kuhusu Wete niongeze, maana watu wanafika bandarini hawaelewi kwa nini wanacheleweshwa. Kivutio kikubwa ng'ambo ya pili ni Mtambwe Mkuu, mji wa kale, ambako mwaka 1984 watafiti walifukua zaidi ya sarafu 2,000 za fedha. Maji yakijaa ni kisiwa, yakipwa ni tope na mikoko.

Hesabu ni hii. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu baada yake, ni bamvua: maji hupwa kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi, hujaa kama saa kumi jioni, na tofauti ya kina hufika karibu mita 4. Kila siku huchelewa kama dakika 50. Mtembezaji anayemfikisha mgeni bandarini saa nne asubuhi siku ya bamvua amemleta kutazama tope. Siku hizo ondokeni saa nane mchana, rudini kabla ya magharibi. Nusu mwezi ni maji mafu, kujaa ni asubuhi na kupwa ni kudogo, hapo saa tatu asubuhi ni sawa. Na asishuke peku. Mizizi ya mikoko na makombe ya chaza hukata.

Kule hakuna kibao wala ukuta mrefu. Asiye na mtu wa kumueleza ataona vichaka tu, kwa hiyo kijana wa Konde ana haki kiasi chake.

Kijana wa Konde

Ahsante kwa "kiasi".

Mstaafu wa Ardhi

Naona mnalizunguka swali la pesa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa na watu wakagaiwa eka tatu tatu. Mwenye eka tatu ana haki ya kutumia, ardhi ni ya Serikali. Iko mikarafuu ya Serikali ambayo hukodishwa msimu kwa msimu. Iko ya watu binafsi. Na kati yao wote inapita njia ya miguu ambayo ni ya kila mtu. Basi mgeni akilipa "ada ya shamba", inakwenda kwa mwenye eka, kwa mkodi wa msimu huu, au kwa shehia, yaani mtaa au kijiji chini ya sheha? Msipolijibu kwanza, mwaka wa pili mtagombana kwa sheha.

Watu hupenda kutaja Kidike kuwa mfano, kwamba kijiji kinalinda na kinatoza. Kweli, lakini popo hana mwenyewe. Mkarafuu unaye, pengine wawili.

Pia nyumba ya kulaza wageni kwa malipo inataka leseni chini ya Sheria ya Utalii ya 2009, na mtembezaji vilevile. Msimshauri bibi wa Wete afungue chumba kisha aje akaguliwe hana karatasi. Na wale wanaosema mgeni ana bima: ndiyo, tangu Oktoba 2024 mgeni wa nje anaingia na bima ya dola 44. Hiyo ni ya mguu wake. Hailipi tawi lililovunjwa wala jamvi lililochafuliwa.

Mwanamada

Mkulima, tukikubaliana ada ikusanywe kwa stakabadhi na kamati ya shehia, wageni waingie msimu wa karafuu au wasiingie?

Mkulima wa Mtambwe

Waingie kwa sharti, na sharti zenyewe zisimamiwe na mtembezaji, si mkulima. Kundi lisizidi watu sita. Waje alasiri, saa kumi kwenda kumi na moja, wakati wa kuchambua: watu wamekaa chini, mikono inafanya kazi, mdomo uko huru kuzungumza, na mgeni akitaka kusaidia kuchambua hakuna hasara. Asubuhi ya kuchuma waache. Wapite upande wa juu wa majamvi, viatu nje. Wavae nguo za kufunika mabega na magoti, maana pale pana wazee na watoto wa chuo cha Kurani. Picha waombe kwa kila mtu, si kwa mwenye shamba peke yake.

Ada igaiwe siku hiyo hiyo mbele ya watu: fungu la waliokuwa wanachambua, fungu la mwenye shamba au mkodi, fungu la shehia kwa ajili ya kile choo cha Bi Jikoni. Ikisubiri mwisho wa mwezi, mimi simo.

Bi Jikoni, Wete

Saa kumi kwenda kumi na moja, na Mtembezaji amesema saa kumi awe barabarani. Basi hao wanalala Wete. Nambieni jana yake.