Mjadala: Ukijaza fomu ya madai kwenye ufilisi Marekani, kwa nini upoteze haki ya juri?

Mtoa mada:
Wakuu, chukulia unamuuzia mwenye duka huko Marekani mchele na viungo kwa mkopo. Duka linaomba ufilisi. Ndani ya siku 90 kabla ya hapo lilikulipa dola 60,000, na bado unalidai 15,000. Mfilisi, yaani anayesimamia mali ya duka kwa niaba ya wadai, anakufungulia kesi urudishe zile 60,000, kwa madai kwamba ulipendelewa kuliko wadai wenzako. Unaweza kutaka kesi isikilizwe na juri, yaani wananchi wa kawaida wanaoamua kesi badala ya jaji peke yake?

Inategemea karatasi moja tu: fomu ya kudai zile 15,000 zako. Mwaka 1989, katika Granfinanciera dhidi ya Nordberg, Mahakama ya Juu iliamua kuwa anayedaiwa na mfilisi arudishe fedha, kama hajawasilisha dai lolote, ana haki ya juri kwa Marekebisho ya Saba ya Katiba. Mwaka uliofuata, katika Langenkamp dhidi ya Culp, ikasema ukishawasilisha dai umejitia mwenyewe mikononi mwa mahakama ya ufilisi. Juri huna tena.

Kwa hiyo uziache 15,000 zako, au uiache haki yako ya kikatiba. Mimi nasema huu ni uonevu. Mfanyabiashara mdogo anajaza fomu ile bila wakili, akijua anaomba chake tu.

Mchangiaji:
Mkuu, ufilisi ni kugawana kilichobaki. Huwezi kudai fungu lako kwenye mgao huku unakataa utaratibu wa mgao. Sheria inasema dai lako halipokelewi mpaka urudishe ulichopaswa kurudisha, kwa hiyo jaji hawezi kulipima bila kuamua suala la zile 60,000. Msimamo huo upo tangu Katchen dhidi ya Landy, 1966. Halafu juri ni gharama. Mawakili wa mfilisi wanalipwa kutoka fungu lilelile, tena kabla yetu wadai wa kawaida.

Mchangiaji wa pili:
Na wapo wanaoomba juri ili kuchelewesha tu. Tangu 1994 jaji wa ufilisi anaweza kuendesha kesi ya juri, ila mpaka mahakama ya wilaya ya shirikisho imruhusu na pande zote zikubali. Mmoja akigoma, safari inaanza upya kwa jaji mwingine.

Mtoa mada:
Gharama naikubali, na mambo mengi ya ufilisi ni mahesabu yasiyohitaji juri. Ila utetezi mkubwa wa mdai wetu ni kwamba alilipwa kwa utaratibu wa kawaida wa biashara. Kama siku zote alikuwa analipwa baada ya siku 45, na safari hii akalipwa baada ya 60 kwa kupigiwa simu kila asubuhi, hiyo ni kawaida au siyo? Wananchi wanaonunua na kuuza wanaweza kulijibu hilo vizuri sana.

Tena sheria hiyohiyo inamlindia juri mtu anayedai fidia ya kuumizwa au ya kufiwa, hata mdaiwa wake akifilisika. Kumbe inawezekana kudai na kubaki na juri. Anayeona mwuza mchele hastahili hilo, atupe sababu.