Ushauri: vumbi la karasha linatumaliza, nifunge feni gani?

Kijana wa Katoro: Wakuu, shikamooni. Niko Geita, kwenye karasha la mawe ya dhahabu. Tunasaga makavu. Jioni ukijifuta uso, leso inatoka kama imepangusa simenti. Naomba kujua feni gani kubwa inaweza kulisukuma nje. Matusi sitaki.

Mzee Korogwe: Marahaba. Kunyweni maziwa. Mimi nimekaa chumba cha burashi za mkonge miaka kumi na moja, nikitoka nyusi nyeupe, mke wangu ananicheka mlangoni. Maziwa ndiyo yalituponya.

Nesi wa Zamu: Mzee wangu, maziwa yanakwenda tumboni, vumbi liko kwenye mapafu. Mleta uzi, kuna anayekohoa?

Kijana wa Katoro: Wapo. Mambo ya kazi tu.

Nesi wa Zamu: Nani, na tangu lini?

Kijana wa Katoro: Haya. Ni mdogo wangu, huu mwaka wa sita. Dozi ya TB kamaliza mara mbili na makohozi hayajawahi kuonyesha kitu. Karasha ni langu. Feni nimeshalipia nusu, kwa hiyo habari za maji msiniletee. Unga ukilowa unaganda ndani ya mashine, mteja anajua umemwibia dhahabu yake.

Fundi Nozeli: Nani kakwambia umwage ndoo? Ni ukungu tu. Chukua bomba la kupulizia dawa shambani, nozeli laini, elekeza pale mawe yanapoingilia na unga unapotokea. Mlango wa unga uvike turubai. Kufagia kukavu marufuku. Hiyo feni yako itamhamishia vumbi mama ntilie.

Chizi Fresh: Wali maharage na dhahabu kwa buku mbili, mnalalamika nini?

Mpelelezi: Chai hii. Mwezi uliopita huyu huyu alikuwa anauza bodaboda, leo ana karasha. Tajiri wa karasha anakosa hela ya barakoa?

Kijana wa Katoro: Bodaboda niliuza ndiyo nikapata mtaji. Barakoa za kitambaa nimewanunulia wote. Juzi dogo kapanda ngazi za zahanati, tatu tu, akakaa chini. Picha yake siweki, muite chai mkitaka.

Nesi wa Zamu: Kitambaa hakizuii vumbi la mawe, linalopenya ndilo usiloliona. Angalau barakoa ya N95, ile ya kuchuja vumbi laini, na awe amenyoa ndevu. Akapigwe eksirei, na amwambie daktari anasaga mawe, wasije wakampa dozi ya tatu kwa kubahatisha. Ikiwa ni silikosisi, ugonjwa wa mapafu wa vumbi la mawe, haiponi, na TB yenyewe huifuata. Umemsajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi?

Kijana wa Katoro: Dada, yule ni ndugu yangu, mkataba wa nini?

Mzee Korogwe: Hata mimi ngazi sipandi siku hizi. Nilidhani uzee.

Nesi wa Zamu: Kaka, mdogo wako sasa hivi yuko wapi?

Kijana wa Katoro: Zamu ya usiku. Ila feni inafika Ijumaa, nitaigeuzia upande usio na mama ntilie.