Floraidi kwenye maji ya kisima: mkaa wa mifupa, mashine au maji ya mvua?

Mkazi wa Njoro: Hamjambo wanajukwaa. Maji ya kisima kirefu cha mtaani kwetu yamepimwa, na floraidi imefika miligramu 4 kwa lita, ilhali kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Nina watoto wawili ambao meno yao ya kudumu hayajaota, na nahofia yasije yakatoka na madoa ya kahawia. Jirani ananiambia nichemshe. Je, nifuate njia ipi?

Mwalimu wa Kemia: Ndugu yangu, kuchemsha hakufai hapa, kwa sababu maji hupungua kwa mvuke huku floraidi ikibaki sufuriani, hivyo yale yanayosalia huwa makali zaidi. Klorini nayo huua vijidudu tu. Madini haya hutoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, nayo hayana rangi wala harufu. Mimi napendelea mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe huchomwa tanuruni penye hewa kidogo, ikapondwa kuwa chenga, na maji yanapopita polepole kati ya chenga hizo floraidi hunaswa. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilifanya kazi kubwa ya kuieneza njia hii, ambayo haihitaji stima.

Fundi wa Matangi: Mashine ya utando, yaani ile inayosukuma maji kupitia kichujio chembamba sana kinachozuia floraidi, husafisha vizuri sana, lakini hudai stima na presha, na sehemu ya maji humwagwa, jambo linaloumiza mtu anayenunua maji kwa mtungi. Ningeanza na mvua. Safisha mabati na mifereji, mwaga maji ya mvua ya kwanza, kisha uhifadhi yanayofuata kwenye tangi lenye kifuniko. Tangi likianza kupungua wakati wa kiangazi, changanya ndoo moja ya kisima na mbili za mvua. Miligramu 4 zitashuka hadi takribani 1.3.

Mama Pacha: Nakubaliana na Fundi, ila tangi kubwa ni gharama. Mwalimu, nitajuaje kwamba mkaa umechoka?

Mwalimu wa Kemia: Mama, ni kwa kupima maji yanayotoka, kwani ladha haitakuonyesha. Yakikaribia 1.5, badilisha mkaa. Uchuje ya kunywa na kupikia pekee, uji na chai vikiwemo. Ya kufua na kuoga yasipitishwe humo, mkaa udumu.