Naomba ushauri: kijana anataka kuacha chuo akasomee ufundi

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mwanangu wa kwanza yupo mwaka wa pili Dodoma, anasomea uhasibu kwa mkopo wa Bodi. Sasa anataka kuacha, aende VETA kusomea umeme wa magari.

Tangu kidato cha pili, akitoka shule alikuwa anapitiliza gereji ya jirani, anarudi sare imejaa grisi, mama yake anafoka. Alivyorudi JKT baada ya kidato cha sita nilimwona kakomaa kweli, anaamka kabla yangu, anafagia uwanja bila kuambiwa. Lakini maongezi yake yalibaki magari tu. Kwa hiyo siwezi kusema ni tamaa ya juzi.

Nimruhusu, au amalize kwanza shahada? Na akiacha katikati, mkopo unaanza kudaiwa lini? Mliopitia hili nielekezeni, nampenda sana huyu mtoto.